Hodi Zisizo na Watu

Mji ule haukuwa na machweo. Jua lilikaa utosini kama mgeni asiyejua kuaga, na kivuli cha kila mtu kililala chini ya nyayo zake kimekunjwa kama leso. Ukiuliza saa ngapi, utajibiwa ni saa uliyoingia. Aliyeingia na asubuhi yake aliishi asubuhi, aliyeingia na jioni yake aliishi jioni, nao wakikutana njiani huyu husema "umeamkaje" na yule hujibu "alamsiki," wala hakuna aliyemwona mwenzake mwongo. Yuko bwana mmoja aliyepotelea kwenye uchochoro wa nyuma ya uwanja, akatokea upande wa pili kabla hajaondoka kwao, akajikuta anakuja. Wakasalimiana. Kisha wakagombana nani ampishe mwenzake, na inasemekana hadi leo wamesimama palepale, mtu na yeye mwenyewe, kila mmoja amekunja uso.

Watu wa nje waliuita seva, mashine inayokutanisha wachezaji walio mbalimbali. Wenyewe waliuita Mji, basi, kama mtu anavyosema mama bila kutaja jina. Kila mkazi alikuwa amekiacha kiwiliwili chake mahali fulani, kwenye kiti, chai ikipoa ubavuni, akaja na sura aliyojichagulia. Karani aliyeogopa mende alikuja na kichwa cha simba na shoka mkononi. Bibi wa wajukuu kumi na kitu alikuja kijana mwenye mabawa, na ole wako ukimkanyaga. Walikuja kucheza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kunyakua bendera ya wenzako na kukimbia nayo mpaka kwenu, na ukisikia ni mchezo usidhani ni mzaha, maana ndani ya Mji hakukuwa na kazi nyingine, na pasipo kazi nyingine mchezo ndio uhai.

Mbaruku alikuwa bawabu wa lango.

Lango lilikuwa moja, lakini ndani ya ubao wake mkubwa mlikuwa na milango midogo isiyo na idadi, na kila aliyebisha alifunguliwa wa kwake. Juu ya kizingiti waasisi walichonga neno lao: *Hodi haikataliwi.* Lango lilitii maandishi hayo, halikumtii mtu. Kwa hiyo mtu akisema hodi, Mbaruku hujibu karibu, tena kabla ya kuuliza nani, kisha hushika mlango na kungoja mgeni avuke. Na kwa kuwa hodi ziliweza kuja mbili, tano, ishirini kwa pamoja, mwili wake ulijifunza kuotesha mkono mpya kwa kila hodi. Mgeni akivuka, mkono hunywea ukarudi begani. Mwanzoni ulimwasha, baadaye akauzoea, kama mtu anavyozoea miwani.

Alipenda kazi ile kwa sababu moja aliyoweza kuitaja, nayo ilikuwa Tunu.

Tunu alikuwa mtoto wa mjomba wake. Huko nje alikuwa amelala chali tangu ugonjwa ulipompitia, na katika mwili mzima vilivyobaki vyake vilikuwa macho na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa vidole hivyo viwili aliingia Mjini, na Mjini alikimbia. Loo, alikimbia! Watu waliapa kwamba alipopiga kona vumbi lilibaki nyuma likiuliza amepita wapi. Alikuwa na miguu mirefu na sauti nene ya kucheka, na vyote viwili vilikuwa katika sura aliyoichagua mwenyewe, akavipenda kama mtu anavyopenda watoto wake.

Kwao, mtoto wa mjomba ni mtani. Kumsalimia mtani kwa adabu tupu ni kumwambia humpendi. Basi Tunu akifika langoni husikii hodi ya kistaarabu.

"Wee masikio ya karai! Fungua, au umeyatandika ukayalalia?"

"Nani huyo? Magoti ya ngamia?"

"Ngamia wa mahari yako, uliyoshindwa kulipa!"

"Pita, pita, usije ukanivunjia mlango kwa hayo magoti."

Naye akapita, wote wawili wakicheka, na mkono ule uliomshikia mlango ulichelewa kunywea kuliko mingine.

Hayo yalikuwa kabla ya Kiroboto.

Kiroboto ni jina alilojipa mwenyewe, na hakuna aliyejua la nyumbani kwao. Alikuwa mchezaji hodari wa upande wa pili, mwenye sura ya mfalme na taji lililopinda kidogo. Cheko lake lilijulikana: alivuta pumzi kwanza, fyuuu, kama mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa, ndipo akacheka. Tunu alimnyang'anya bendera mbele ya uwanja mzima. Kiroboto aliondoka uwanjani. Alikwenda akachunguza, akapekua huko nje wanakopekua, na mechi iliyofuata alipanda juu ya ukuta wa uwanja akatangaza:

"Jamani, mnamjua mkimbiaji wenu? Hana miguu! Analala kitandani analishwa uji! Mpeni mkongojo!"

Uwanja ukacheka. Tuwe wakweli, haukucheka wote. Walicheka wachache kwa nguvu, na wengi wakatazama pembeni, na kutazama pembeni kwa wengi kukatoa sauti ileile. Kisha likawa wimbo. Kila Tunu alipofungua kinywa, wakamrukia: mpeni mkongojo, mkimbiaji wa kitandani, rudi ukalishwe, mwanamke gani mwenye sauti ya fundi seremala.

Katika Mji ule matusi hayakupotelea hewani. Yalidondoka. Madogo yalianguka kama pumba, makubwa kama kokoto, na mengine yalitoka kinywani yakiwa ya moto hata nyasi zikaungua. Bi Siwema, mama mnene mwenye ufagio wa chelewa, ndiye aliyeyafagia baada ya kila mechi na kuyamwaga nje ya ukuta. Siku ile alifagia mpaka akakaa chini.

"Mbaruku," alisema akijipepea kwa upande wa kanga, "hawa watu wanakula nini huko kwao? Maana mtu hutapika alichokula."

"Watachoka, Bi Siwema."

"Mimi nimechoka kabla yao."

Tangu siku hiyo Tunu hakusema neno ndani ya Mji. Alicheza, alishinda, alikimbia vilevile, lakini kinywa alikifunga. Mara ya kwanza alipofika langoni baada ya tangazo lile alisema, "Habari za kazi, bawabu," na Mbaruku alihisi kama amepigwa kofi la msibani. Akamjibu, "Nzuri, karibu," akamshikia mlango. Mara zilizofuata hata hizo habari hakuziuliza. Alibisha kwa kidole: ko. Halafu kimya. Halafu ko-ko. Mbaruku alijua ni yeye, akamfungulia, akatazama magoti yake yakipita, asithubutu kuyatania.

Na hapo ndipo swali lilipomwingia, likamkaa kama mwiba wa samaki. Mtu ni nani? Ni yule anayebisha, au ni yule anayefunguliwa? Sauti ya Tunu ilikuwa imekufa na miguu yake ilikuwa hai, je, aliyepita ni nusu ya Tunu? Na wale wenye vinywa vipana, ambao hawakuwa na lolote ila vinywa, wao walipita wakiwa wangapi?

Sheria ya uwanja ilikuwa moja, na haikuwa na huruma. Ngoma ya mechi ikilia na mchezaji hayupo, sura yake huvuliwa popote alipo, ikatundikwa kwenye nguzo, na mpinzani wake akaivaa akitaka: miguu, sauti, vyote. Aliyevuliwa hapewi nyingine. Wengi hawakujali, walikuwa na miili yao ya akiba kwenye viti. Tunu akiba yake ilikuwa vidole viwili.

Siku ya fainali, mpinzani wa Tunu alikuwa Kiroboto.

Hodi zilianza kama mvua ya rasharasha. Hodi. Mbaruku akajibu karibu, mkono ukaota, mlango ukafunguka, akangoja. Hakuna aliyevuka. Hodi. Karibu. Hakuna. Hodi, hodi, hodi. Akachungulia. Nje alikuwepo mtu, yaani palikuwa na umbo. Lilikuwa refu kama mtu na jeusi kama masizi, na pale panapokaa uso palikuwa laini kama sahani. Nyuma yake lilikuwepo jingine. Nyuma ya hilo, uwanda wote mpaka lilipolundikwa jalala la Bi Siwema ulikuwa umejaa, na yalikuwa yanainuka kutoka kwenye jalala lenyewe, kokoto juu ya kokoto, tusi juu ya tusi, yakijikung'uta.

"Hodi," yakasema yote, kwa sauti moja isiyo na shingo.

"Karibu," akasema Mbaruku, maana neno lilikuwa limechongwa.

Wapo waliosema baadaye kwamba Kiroboto aliyakodi. Kwamba kuna watu huko nje wanaokusanya vivuli vya vitu vilivyosahaulika, kamera ya mlango wa duka, televisheni ya sebule ya watu waliosafiri, simu iliyoanguka nyuma ya kabati, wanaviamsha bila wenyewe kujua na kuvituma viende vikabishe hodi mahali. Kivuli hakijui kinabisha kwa nani. Kimeambiwa sema hodi, kinasema. Na hasira kinayoivaa ni ile kinayoikuta imetupwa njiani.

Mbaruku hakuwa na nafasi ya kujua hayo. Alikuwa anaota mikono. Ilimtoka begani, mgongoni, ubavuni, ikatoka kwenye mikono mingine kama matawi, kila mmoja umeshika mlango usiovukwa na mtu. Akawa mti. Akawa mwitu. Mahali fulani katikati ya mikono yake alikuwemo yeye, mdogo, kama kokwa, akisema karibu, karibu, karibu, na kila karibu ilitoka nyembamba kuliko ya kwanza.

*Karibu nani? Karibu hakuna. Nani mwenye mji, mwenye lango au mwenye hodi? Mwenye lango ameshikwa na lango. Karibu. Mkono huu wa nani? Wangu. Na huu? Karibu. Ningesema usije. Hakuna neno la usije. Waasisi, mlichonga neno la kupokea, mkasahau la kukataa, mlidhani dunia nzima ina miguu ya kuvukia. Karibu. Karibu. Tunu yuko wapi?*

Tunu alikuwa nje. Hilo alilijua, kwa sababu ndani hakuwamo. Alikuwa mahali fulani katikati ya masizi yale, anabisha kwa kidole, na kidole kimoja katikati ya hodi za uwanda mzima ni sawa na unyoya ulioangukia sokoni. Na uwanjani walikuwa wanaanza kuikaza ngozi ya ngoma.

Bi Siwema alifika amejifunga kibwebwe. "Funga lango!"

"Haliwezi kufungwa. Linasoma maandishi."

"Basi badilisha maandishi! Mkono mmoja kati ya hiyo yote hauwezi kushika patasi?"

Mbaruku aliinua macho kwenye kizingiti. Kubadilisha neno la waasisi ilikuwa kama kumbadilisha baba. "Niandike lipi? Nitamjuaje mtu na asiye mtu, wote wanasema hodi?"

"Mtu anakasirika."

"Na hivi vimeumbwa na hasira."

"Basi mtu anacheka," alisema Bi Siwema. "Jiwe halina utani."

Hapo Mbaruku akakumbuka misiba ya kwao. Watani hufika wakati watu wanalia, wakalala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote, wakamsema marehemu kwa uroho wake, wakaiga kutembea kwake, na waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakitiririka. Mtani ndiye anayejua aliyekufa na asiyekufa: hutupa neno, akangoja lirudi. Lisiporudi, ndipo huzika. Akaona ameshapata jibu, tena jibu la nyumbani, lenye harufu ya kwao. Akachukua patasi. Akakwangua *haikataliwi*. Akachonga: *Hodi hujibiwa kwa utani. Asiyerudisha hapiti.*

Lango likasoma, likatikisika, likakubali.

Naye akavuta pumzi, na kwa kuwa katika maisha yake utani mtamu ulikuwa mmoja tu, ndio uliomjia kinywani. Akaupaza juu ya uwanda mzima:

"Nani huyo langoni? Magoti ya ngamia!"

Masizi yakasema, "Hodi." Milango ikajifunga mbele yao. Mkono ukanywea, na mwingine, na mwingine. Lo, raha ya mkono kurudi begani! Na kutoka katikati ya vivuli sauti za watu wa kweli zikaanza kulipuka:

"Ngamia mama yako!"

Mlango ukafunguka, jamaa akapita.

"Nyamaza, pua kama bomba la choo!"

Akapita.

"Fungua, mbwa wewe, kabla sijakuingiza hiyo patasi!"

Akapita huyo naye, akidondosha kokoto. Walipita wengi, upesi, wakisukumana, na Bi Siwema aliyesimama pembeni na ufagio akaanza kukunja uso.

"Mbaruku," alisema polepole. "Watazame wanaoingia."

Mbaruku akatazama. Wote aliwajua. Walikuwa ni wale wa wimbo wa mkongojo. Walirudisha neno kwa wepesi kwa sababu neno baya lilikuwa tayari mdomoni, halikuhitaji kutafutwa, na lango halikujua tofauti ya tusi lenye undugu ndani na tusi lililo tupu. Wale wengine, waliokuwa wakitazama pembeni, wapole, waliotukanwa mpaka wakajifunza kunyamaza, walisikia langoni neno lilelile walilolikimbia uwanjani, wakainamisha vichwa. Lango liliwahesabu pamoja na masizi.

Kiroboto alipita katikati ya kundi, taji limepinda. "Bawabu hodari!" alisema. "Leo umetufanyia mlango wetu wenyewe." Fyuuu, akavuta pumzi, akacheka, akaenda uwanjani.

Mkono wa mwisho ukanywea. Milango ikiwa imefungwa, hodi za masizi zikawa mnong'ono tu nyuma ya ubao. Na juu ya mnong'ono ule:

Ko.

Halafu ko-ko.

Mbaruku aliuparamia ubao kwa mikono yake miwili, maana ilibaki miwili. "Tunu! Ni mimi! Jibu! Neno lolote, masikio, karai, lolote, lango litakufungulia!"

Nje palikuwa na pumzi. Kisha ile sauti nene, aliyokuwa hajaisikia tangu siku ya habari za kazi, ikasema taratibu:

"Na wewe umo, Mbaruku?"

Haukuwa utani. Lango halikutikisika.

"Simo! Sikuwa na maana ile! Tunu, ni yale magoti yetu, ya zamani!"

Akashika patasi akakwangua, na ubao ukawa mgumu kama chuma, kwa kuwa waliokwisha kuingia walikuwa wameyapenda maandishi mapya, na katika Mji ule neno lililopendwa na wengi huganda.

Kutoka hakukatazwi. "Bi Siwema, nishikie kiti changu cha ubawabu," alisema, akapita.

Nje masizi yalisimama bega kwa bega, yakisema hodi kuelekea mahali pasipo na mtu. Mbaruku alijipenyeza akiita. Alikuta mabaki ya jalala, alikuta vivuli vya redio na friji, akakuta wapole waliokuwa wakiondoka mmoja mmoja wamempa mgongo, na hakuna aliyegeuka, maana waliijua sauti yake kuwa ndiyo iliyowatukana. Penye mlango wa Tunu alikuta kitundu kidogo kwenye ubao, kimechimbika kwa kidole, siku baada ya siku, mahali pamoja. Akakitia kidole chake. Bado kilikuwa na joto.

Ngoma ikalia.

Alirudi mbio langoni. "Hodi!" akaita. "Hodi, Bi Siwema! Hodi!"

Ndani akasikia kiti kikisogezwa, ufagio ukianguka, na Bi Siwema akisema, "Inuka hapo, si pako." Halafu sauti nene, ya kucheka, aliyoijua kuliko yake mwenyewe, ikamjia kupitia ubao:

"Nani huyo? Masikio ya karai?"

Moyo ulimruka. Ameingia! Kwa njia gani, ya nini kuuliza, Mji ule una vichochoro vinavyotangulia safari! Jibu lilikuwa tayari ulimini, magoti ya ngamia, likiwa limeshapiga goti kutaka kutoka. Angelitoa, mlango ungefunguka.

Ndipo aliposikia, kabla ya cheko la Tunu, pumzi ikivutwa. Fyuuu.

Sauti ilikuwa ya Tunu, aliyeivaa hakuwa Tunu. Mbaruku akafunga kinywa. Pembeni yake masizi yalisema hodi, naye akasimama kati yao, mikono miwili ikining'inia, jua likiwa utosini, kivuli chake chini ya nyayo kimekunjwa.

Walingoja kidogo huko ndani, kwa haki.

"Harudishi," ikasema sauti ya Tunu. "Huyo mtupu. Funga."